Kava, mirungi na kratomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Oktoba 2024 nilikuwa natafsiri na kusoma habari za kimataifa kwenye redio moja hapa Kigoma. Mfalme Charles alikuwa Samoa kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, akapewa kikombe cha kava kwa heshima, kama wageni wakubwa wanavyopewa kule. Habari iliyonifikia ilikuwa ya Kiingereza, na neno walilokipa kinywaji hicho, "narcotic", nililigeuza kuwa "dawa za kulevya". Nikalisoma hivyo hewani. Kabla ya kulala, simu ilikuwa imejaa ujumbe kutoka Mwanga, Ujiji, Kasulu hadi Uvinza.

Maswali hayajakoma tangu siku ile. Haya hapa ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi, pamoja na majibu niliyopaswa kuwa nayo kabla ya kufungua kipaza sauti.

## Mambo ya mwanzo

Kava ni kitu gani hasa?

Ni mmea wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na jina lake la kisayansi ni *Piper methysticum*. Ni wa ukoo mmoja na pilipili manga na mtambuu. Ukitaka kuuona akilini, waza mtambuu uliosimama wenyewe kama kichaka, majani mapana yenye umbo la moyo, shina lenye vifundo. Chimbuko lake linahesabiwa kuwa Vanuatu, na wasafiri wa mitumbwi ndio waliousambaza kisiwa hadi kisiwa. Fiji wanauita yaqona, Samoa 'ava, Hawaii 'awa, na kisiwa cha Pohnpei sakau.

Kinachotumika ni mzizi pamoja na kisiki chake cha chini ya ardhi. Mkulima husubiri miaka 3 hadi 5 ndipo ang'oe. Shika neno hilo, mzizi, kwa sababu mkanganyiko mwingi ninaoueleza huko mbele unaisha pale tu mtu anapouliza: ulichoonyeshwa ni mzizi au ni majani?

Mbona nikitafuta "kava" kwenye simu naletewa makava ya simu?

Kwa sababu kwa Kiswahili chetu kava ni ganda la simu, la kiti au la daftari, na mtandao unakupa kile ambacho watu wengi wanakitafuta. Ongeza neno "Fiji" au "Vanuatu" utafika. Angalia pia lugha ya ukurasa unaofunguka: kwa Wakroatia, Waslovenia na Waukraine, neno kava maana yake ni kahawa. Nimetumiwa zaidi ya mara moja picha ya kikombe cha kahawa yenye povu, ikiwa na maelezo kwamba hiyo ndiyo "kava ya wazungu inayolevya". Ilikuwa kahawa tu, ndugu zangu. Na Hispania kuna mvinyo wenye mapovu unaotamkwa hivyo hivyo. Huo ni pombe ya zabibu na hauhusiani na mzizi huu.

Inanywewaje?

Mzizi unatwangwa au kusagwa, unakamuliwa kwenye maji ya baridi, unachujwa kwa kitambaa au nyuzi. Kinachopatikana ni maji ya rangi ya tope, machungu, yenye harufu ya udongo. Fiji yanawekwa kwenye bakuli kubwa la mti liitwalo tanoa, kisha kila mtu anapewa kwa kifuu cha nazi, anapiga makofi, anakunywa kwa mkupuo. Vanuatu watu hukutana jua likizama mahali paitwapo nakamal, na sauti huwa za chini.

Mzee mmoja wa Ujiji nilipomweleza hivi aliniambia, "Basi hicho ni kijiwe cha kahawa." Sijapata mfano ulio karibu zaidi. Vikombe vidogo, uchungu, jioni, mazungumzo, na utaratibu wa nani aanze. Wenye kijiwe cha kahawa chungu na kashata wanaielewa kava upesi kuliko mwandishi wa habari wa Ulaya aliyeizoea baa.

Mtu akinywa anajisikiaje?

Kwanza midomo na ulimi hufa ganzi, kama mtu aliyetafuna karafuu. Baadaye misuli inalegea na wasiwasi unapungua, huku akili ikibaki wazi kama amekunywa kiasi kidogo. Akizidisha, anakuwa mzito, anayumba, anasinzia, na tumbo linaweza kumchafuka. Kazi hiyo inafanywa na kemikali ziitwazo kavalaktoni. Aliyekunywa asiendeshe bodaboda wala boti.

Kwa hiyo ni pombe?

Hapana. Haichachushwi wala haina kilevi cha pombe ndani yake, kwa hiyo huwezi kuiweka fungu moja na gongo wala wanzuki. Kuchanganya kava na pombe ni hatari. Sababu iko kwenye maswali ya ini hapo chini.

## Majina yanayochanganywa

Kaka, hii kava si ndiyo mirungi?

Hili ndilo swali namba moja, na ninaelewa linatoka wapi. Kwa Kiingereza mirungi ina jina fupi linaloanza na herufi ile ile, "khat", na habari za "mmea wa kienyeji unaotumiwa na wanaume wakiwa wamekaa pamoja" zinafanana sana zikisomwa haraka.

Tofauti ni kubwa. Mirungi, ambayo majirani zetu wa Kenya huiita miraa, ni vichipukizi na majani ya mti *Catha edulis*, na hutafunwa mabichi. Ndani yake kuna kathinoni, inayochangamsha: usingizi unakata, moyo unakwenda mbio, maneno yanakuwa mengi, njaa inapotea. Kava hukamuliwa kutoka mzizini, nayo inatuliza na kuleta usingizi. Mmoja anakesha, mwingine anasinzia.

Kisheria pia usizichanganye. Hapa Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mashamba yake huko Same yamekuwa yakiteketezwa. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka 2014. Ukimwambia mtu kwamba kava ni "mirungi ya visiwani", unampa habari ya uongo kuhusu mmea, na unaweza kumfanya aidharau sheria iliyopo kuhusu mirungi yenyewe.

Na kratomu? Nimeona Marekani vinauzwa duka moja.

Ni kweli vinauzwa duka moja, na ndiyo maana mchanganyiko huu ni mbaya kuliko ule wa mirungi. Marekani, hasa Florida, kuna mabaa ya kava ambayo wauzaji wake pia huuza kratomu. Mteja akizidiwa, taarifa huandikwa kwamba "alikunywa kwenye baa ya kava", na msomaji wa Kigoma anabaki na jina moja tu kichwani.

Kratomu ni majani ya mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, *Mitragyna speciosa*. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi watashangaa kusikia kwamba mti huo ni wa ukoo wa mbuni. Kemikali yake kuu, mitrajinini, hugusa vipokezi vya mwilini vile vile vinavyoguswa na mofini, yaani njia ya afyuni. Kwa hiyo mtumiaji anaweza kupata utegemezi, na akiacha ghafla mwili unamsumbua: maumivu, jasho, kukosa usingizi. Kava haipiti njia hiyo. Thailand iliipiga marufuku kratomu tangu mwaka 1943, ikairuhusu tena mwaka 2021. Kava haimo katika historia hiyo hata kidogo.

Kumewahi kuuzwa Marekani vichupa vidogo vyenye kava na kratomu pamoja, jina la kava likiwa mbele. Walionunua wakidhani wanapata kitu cha kutuliza tu walijikuta hawawezi kuacha. Kosa hapo ni la aliyeandika lebo kwanza, kisha la mwandishi aliyeirudia lebo bila kuisoma yote.

Picha niliyoona ilikuwa ya majani yenye matundu. Ni kava?

Inaelekea ni kawakawa, mmea wa New Zealand ambao majani yake huliwa sana na viwavi hadi yanatoboka. Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, hulipenda jani lenye matundu kwa tiba zao. Ni wa ukoo ule ule wa pilipili, na jina lake linatokana na jina la kava, kwa sababu waliohamia kule waliuona unafanana na ule waliouacha visiwani. Lakini haukupi kinywaji hiki. Kuna mwingine pia, *Piper auritum*, wenye asili ya Amerika ya Kati, ambao umeingia Hawaii na visiwa vingine na kuitwa kava ya uongo kwa jinsi unavyofanana na kava shambani.

Je, ni kama mkuyati? Au kuberi?

Kava si dawa ya nguvu za kiume. Anayeiuza kwa sifa hiyo ameazima maneno ya wauza mizizi wa mnadani. Kuberi ni tumbaku ya kuweka mdomoni, ina nikotini, na inamkamata mtu kama sigara inavyomkamata.

## Habari, tafsiri na sifa mbaya

Wewe mwenyewe ulisema redioni ni dawa za kulevya. Leo unasemaje?

Nasema nilikosea, na nataka kueleza nilivyokosea kwa sababu wenzangu wanaotafsiri habari kila siku wanakosea hivi hivi.

Neno "dawa" kwetu limebeba mzigo mkubwa. Kuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya kienyeji, hata dawa ya mapenzi. Halafu kuna "dawa za kulevya", ambalo ni neno la sheria, la polisi, la mahakama. Ukilitamka redioni, msikilizaji haoni bakuli la mti na kifuu cha nazi. Anaona heroini na bangi, anamwona kijana wa mtaa wake aliyeharibikiwa.

Hilo "narcotic" ni neno la zamani la Kiingereza ambalo madaktari walilitumia kwa chochote kinacholeta usingizi au ganzi. Waandishi bado wanalitumia kwa kava kwa maana hiyo legelege. Mimi nililivusha likiwa peke yake, bila maana yake, na lilipofika upande wa pili likawa jinai. Nilipaswa kusema "kinywaji cha mzizi kinachotuliza". Maneno manne, na hakuna ambaye angenipigia simu.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza swali ambalo hadi leo linaniuma: "Sasa mwanangu, kama mfalme anakunywa dawa za kulevya hadharani, mimi nimwambie nini mjukuu wangu kuhusu bangi?" Ndipo nilipoona kwamba kosa langu halikuwachafua Wasamoa peke yao. Lilimnyang'anya mzee huyu neno lake la kumlindia mtoto.

Kama si sumu, kwa nini Ulaya waliipiga marufuku?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kava iliuzwa sana Ulaya kama vidonge vya kupunguza wasiwasi. Zikaja taarifa za wagonjwa walioharibika ini, wengine wakihitaji kupandikizwa. Juni 2002 Ujerumani ikafuta vibali vya vidonge hivyo. Januari 2003 Uingereza ikazuia uuzaji wa vyakula vyenye kava. Kwa wakulima wa Vanuatu na Fiji lilikuwa pigo, soko lilifungwa ghafla.

Magazeti ya wakati ule hayakutenganisha mambo matatu. Vidonge vingi vilitengenezwa kwa kuyeyusha mzizi kwa spiriti au asetoni, wakati visiwani hutumia maji. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wakitumia pia dawa nyingine au pombe. Na haikuwa wazi kila mara ni aina gani ya kava, wala ni sehemu gani ya mmea, iliyotiwa kiwandani. Vanuatu ilitunga sheria yake ya kava mwaka 2002, na inatofautisha aina bora za kunywa kila siku na zile kali ambazo uzito wake hukaa mwilini hadi siku ya pili.

Mwaka 2014 mahakama ya Cologne iliamua kwamba marufuku ya Ujerumani haikuwa na msingi wa kutosha. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ujerumani ikaviondoa tena vibali. Kwa hiyo anayekuambia "imethibitika ni salama kabisa" na anayekuambia "imethibitika inaua", wote wawili wamesoma nusu ya habari.

Lakini ni kitu cha asili. Cha asili kinadhuru vipi?

Mwaka 2011 tuliona wenyewe maelfu ya watu wakisafiri kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Mabasi na magari ya kukodi yalipanga foleni, na vyombo vya habari vilihesabu magari kuliko vilivyowafuatilia wagonjwa waliporudi nyumbani. Silitaji hilo kumdharau aliyekwenda. Mgonjwa anatafuta uzima. Nalitaja kwa sababu ni upande wa pili wa kosa langu. Mmea ukitoka mbali tunauita dawa za kulevya, ukitoka karibu tunauita muujiza, na mara zote mbili hakuna aliyeuliza kiasi, maandalizi na mtumiaji ni nani.

## Afya

Inaharibu ini, ndiyo au hapana?

Inaweza, kwa nadra. Shirika la Afya Duniani lilichapisha tathmini yake mwaka 2007, na halikuzifuta taarifa za walioumia ini. Ripoti ya mwaka 2016 ya shirika hilo pamoja na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikubali kwamba kava ya maji imetumika muda mrefu visiwani bila madhara makubwa kuonekana wazi, lakini ikaeleza pia kwamba wanywaji wakubwa hupanda kimeng'enyo fulani cha ini, nacho hushuka wakiacha.

Wanywaji wakubwa hupata pia ngozi kavu yenye magamba, ambayo hupona wakipunguza. Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, kava ililetwa miaka ya 1980 kwa matumaini kwamba watu wangepunguza pombe. Wengine wakainywa kwa wingi kupita desturi ya watu wa visiwani, na afya zao zikazorota. Australia ikabana uingizaji mwaka 2007, kisha Desemba 2021 ikaruhusu tena biashara kwa majaribio.

Aliyetumia kava akaona macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi au maumivu ya ubavu wa kulia, aache siku hiyo hiyo na aende hospitali akataje jina la alichokunywa. Asifiche kwa kuogopa kuitwa mlevi.

Natumia dawa za kifua kikuu. Naweza kuijaribu?

Usijaribu. Dawa za kifua kikuu zenyewe zinaweza kulielemea ini, na hupaswi kuliongezea mzigo. Ushauri ni huo huo kwa anayetumia dawa za usingizi, za kifafa au za msongo wa mawazo, kwa mwenye homa ya ini, kwa mjamzito na anayenyonyesha, na kwa anayekunywa pombe. Mwenye dawa nyingine za kila siku, zikiwemo za kufubaza virusi, amuulize kwanza mhudumu wa kliniki yake.

Nimesoma kwamba inatibu wasiwasi. Ni kweli?

Mapitio ya mwaka 2003 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta nafuu ndogo ya wasiwasi ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa. Ndogo, kweli ipo. Anayekosa usingizi wiki kadhaa aende kituo cha afya kabla hajaenda mtandaoni.

## Kununua, kuagiza na mambo ya pembeni

Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anauza mbegu za kava. Ninunue?

Hapana. Kava haizai mbegu za kuotesha. Kwa vizazi vyote imepandwa kwa vipande vya shina, kama tunavyopanda muhogo. Anayekuuzia mbegu anakuuzia kitu kingine, na hujui ni nini.

Shemeji yuko Marekani. Aniletee pakiti?

Kabla hajaiweka kwenye begi, ulizeni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Bidhaa ya mitishamba yenye maelezo ya kutibu inaangaliwa kama dawa, na "sikujua" haikusaidii uwanjani. Akishapata jibu, asome lebo yote, hasa nyuma: ikitajwa kratomu au *Mitragyna*, iachwe dukani, hata mbele pawe pameandikwa kava kwa herufi kubwa.

Je, kuna kiwango chochote cha kimataifa cha kava?

Kipo. Mwaka 2020 tume ya Codex, inayoweka viwango vya kimataifa vya vyakula, ilipitisha kiwango cha kanda ya Amerika ya Kaskazini na Pasifiki ya Kusini-Magharibi kwa kava inayochanganywa na maji kama kinywaji. Kinahusu kinywaji cha maji, hakihusu vidonge.

Mimi ni mwandishi. Nikikutana tena na habari ya kava, niandike nini?

Anza na kilichotumiwa: mzizi, majani au kidonge. Kisha andika kinachofanya: kinatuliza au kinachangamsha. "Dawa za kulevya" litumie pale sheria ya nchi unayoiandikia habari inapokiita hivyo, na uitaje sheria hiyo. Kama chanzo chako hakisemi ni mmea gani, andika "mmea ambao haukutajwa" na uendelee. Usiazime picha ya kwanza inayotokea mtandaoni; rudi kwenye swali la majani yenye matundu hapo juu uone ilivyo rahisi kupotea.

Na chupa ikiwa na kava na kratomu pamoja, niiite nini?

Iite kwa majina yote mawili, kratomu likitangulia, kwa kuwa ndilo linaloweza kumfanya msikilizaji wako ashindwe kuacha.